Yule Anayekimbia na Mkoba

Mwezi uliopita tuliongea juu ya upungufu wa damu kwa mama mjamzito, na barua zenu tumezipata, tunashukuru. Mwezi huu tunataka kuongea juu ya jambo ambalo lililetwa kwetu mlangoni mwa kanisa, baada ya ibada ya katikati ya juma, na mama mmoja wa usharika wetu. Alikuja uso umemshuka. Tulidhani nyumbani kwake kuna mgonjwa. Kumbe mgonjwa hakuwepo. Kulikuwa na ugomvi.

Kijana wake wa kwanza amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa sayansi, na amefaulu vizuri. Baba yake alikwisha kuanza kumwita "daktari" mbele ya wageni. Jioni moja, wakiwa mezani, kijana akasema kwamba hataki kuwa daktari wa wodini. Anataka kuwahudumia wachezaji. Baba akauliza, "Wachezaji gani?" Kijana akajibu, "Wa mpira, baba. Yule anayekimbilia uwanjani mtu akiumia." Baba akaweka kijiko chini. "Nimeuza ng'ombe wawili usome fizikia na kemia, ili uje ubebe mkoba wa maji?" Tangu siku hiyo baba na mwana wanasalimiana kwa shida, na mama yuko katikati kama nafaka kati ya mawe mawili ya kusagia.

Mama yule alituuliza maswali mawili. Kwanza, je, hiyo ni kazi kweli? Pili, je, ni kazi anayoweza kuifanya mtu anayemcha Mungu, au ni kukimbizana na mipira tu? Tulimjibu kwa ufupi, maana daladala lilikuwa linamsubiri. Lakini tukiwa wauguzi tuliona kwamba swali lake linatuhusu sote tuliozaa watoto wanaocheza. Kwa hiyo tumelitafutia jibu refu zaidi, na hili hapa.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kijana yule alikuwa ameangalia sana mambo ya Marekani, ambako kazi hii imekua hata ikawa taaluma yenye shule, mitihani na leseni. Mpira wenyewe wa huko si huu tunaoujua. Wao huchukua mpira wenye umbo kama yai, huubeba mikononi, na hukimbia nao huku wenzao wakiwaparamia kwa kishindo. Huvaa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Ligi yao kubwa ina timu 32, na kila timu ina wachezaji 53 katika orodha yake ya msimu. Ni mchezo wa kugongana, na mahali pa kugongana hapakosi majeraha.

Katika kila timu wapo watu ambao kazi yao ni miili ya wachezaji hao. Si makocha, wala si madaktari wa upasuaji. Hapa kwetu watangazaji wa redio huwaita madaktari wa timu hata kama si madaktari. Sisi katika ukurasa huu tutawaita watabibu wa timu. Chama chao cha taifa kiliundwa mwaka 1950 katika mji wa Kansas City, na mwaka 1990 chama cha madaktari wa Marekani kikaitambua kazi yao kuwa taaluma ya afya. Siku hizi anayeianza njia hiyo husoma mpaka shahada ya uzamili, kisha hufanya mtihani wa taifa. Kwa hiyo baba yule akisikia kwamba fizikia na kemia zitapotea bure, na atulie. Zinahitajika zote, pamoja na elimu ya mifupa, misuli, moyo, lishe na dawa.

Tuitazame siku yao moja. Asubuhi na mapema, wachezaji wakiwa bado usingizini, mtabibu amekwisha kufika. Anatayarisha barafu, bandeji na maji. Mchezaji mmoja baada ya mwingine anapanda juu ya meza, naye anamfunga vifundo vya miguu kwa plasta ngumu, ili mguu usipinduke. Anamwangalia yule aliyeumia bega juzi. Anamfanyisha mazoezi yule aliyefanyiwa upasuaji wa goti, ambaye huenda akakaa nje miezi tisa au zaidi. Huyo anarudishwa hatua kwa hatua: leo kukunja goti, mwezi ujao kutembea vizuri, baadaye kukimbia. Wakati wa joto anawapima wachezaji uzito kabla na baada ya mazoezi, ili ajue kila mmoja amepoteza maji kiasi gani. Jioni, wengine wakienda kwao, anakaa na kuandika kumbukumbu za kila mtu. Akina mama, mkisikia hayo hamwoni kitu mnachokijua? Ni kazi ya mama mwenye watoto 53, tofauti ni kwamba wengi wa hawa wana kilo 100 na zaidi.

Lakini sehemu ngumu ya kazi si kufunga bandeji. Sehemu ngumu ni kusema "hapana". Kocha anamtaka mchezaji wake. Mashabiki wanamtaka. Mchezaji mwenyewe anadanganya kwamba haumwi, kwa sababu anaogopa kupoteza nafasi na mshahara. Anayebaki kumtetea dhidi ya wote hao, na wakati mwingine dhidi yake mwenyewe, ni yule mwenye mkoba.

USIKU ULE WA CINCINNATI

Kijana alimwonyesha mama yake picha fulani kwenye simu, naye mama akatusimulia, na sisi tulikuwa tunalijua tukio hilo. Lilitokea tarehe 2 Januari 2023 katika mji wa Cincinnati. Timu ya Buffalo Bills ilikuwa ugenini. Mchezaji wao Damar Hamlin, kijana wa miaka 24, aligongana na mpinzani kifuani. Ilikuwa rapsha ya kawaida katika mchezo ule. Akasimama. Kisha, kama mtu aliyekatwa kamba, akaanguka chali.

Mama yake mzazi alikuwepo uwanjani. Hebu kila mmoja wetu ajiweke mahali pake.

Madaktari walieleza baadaye kilichotokea. Moyo una mapigo yake kwa zamu, na kuna sehemu ndogo mno ya sekunde ambapo kishindo kikipiga kifua mahali pa moyo, mapigo yanavurugika na moyo unabaki unatetemeka bila kusukuma damu. Ni jambo la nadra sana, na linaweza kumpata hata mtu mwenye afya kamili. Bila msaada wa haraka mtu huyo hufa palepale.

Mtabibu msaidizi wa timu, Denny Kellington, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Hamlin hakuwa na mapigo ya moyo. Kellington akaanza kumkandamiza kifua. Ikaletwa mashine ya kushtua moyo, nayo ikatumika hapohapo kwenye nyasi. Gari la wagonjwa likaingia uwanjani, na mama yake akapanda pamoja naye kwenda hospitali ya chuo kikuu cha mji ule.

Wachezaji wenzake, wanaume wakubwa wa kutisha, walipiga magoti kumzunguka, wakalia na kuomba. Mechi haikuendelea. Kesho yake mchambuzi mmoja wa televisheni aliinamisha kichwa akaomba hewani, mbele ya watazamaji wote. Siku chache baadaye kijana aliamka. Mpira wa kupumulia ulikuwa bado kooni, hakuweza kusema, akaandika kwenye karatasi kuuliza kama timu yao ilishinda. Madaktari wakamjibu kwamba yeye ndiye aliyeshinda, ameshinda mchezo wa uhai. Tarehe 11 Januari aliruhusiwa kwenda nyumbani, na tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo alicheza tena mechi ya ligi.

Tumeitafakari sana picha ile ya mduara. Nje wako waliopiga magoti wakimlilia Mungu. Ndani yuko mtu mmoja anayekandamiza kifua kwa nguvu zake zote. Wako Wakristo wangesema kwamba ni maombi tu yaliyomponya, na wako wasioamini ambao wangesema ni mikono tu. Sisi tunaofanya kazi wodini hatuwezi kuvitenganisha. Tunaamini Mungu aliyasikia maombi ya wale waliopiga magoti, na tunaamini pia kwamba alikuwa ameanza kujibu miaka mingi kabla, siku ile Kellington alipokaa darasani akajifunza mahali pa kuweka viganja vyake.

Tena haikuwa bahati. Katika ligi ile, saa moja kabla ya kila mechi, wahudumu wa afya wa timu zote mbili hukutana na kukumbushana: gari la wagonjwa liko wapi, mashine iko wapi, hospitali ni ipi, nani atashika kichwa, nani atakandamiza. Wanayafanya hayo kila mechi, ingawa karibu kila mechi hakuna atakayeyahitaji. Wanawali watano wenye busara hawakununua mafuta wakati bwana arusi yuko mlangoni.

Mwezi Julai 2023 watabibu wa Buffalo walipewa tuzo mbele ya taifa, na aliyewakabidhi ni Hamlin mwenyewe, machozi yakimtoka. Mkuu wao, Nate Breske, alipopewa nafasi ya kusema, hakujisifu. Aliwasihi watu wajifunze kukandamiza kifua na kutumia ile mashine.

MWANAMKE KATIKA CHUMBA CHA WANAUME

Huenda baadhi yenu mnasema, "Haya ni ya wavulana." Sivyo. Mwaka 2002 timu ya Pittsburgh Steelers ilimwajiri Ariko Iso, mwanamke mzaliwa wa Tokyo, Japani, akawa mtabibu wa kwanza mwanamke wa kudumu katika ligi nzima. Mwanamke, tena mgeni, katikati ya wanaume wenye miili mikubwa kuliko milango! Bila shaka walikuwepo waliouliza atawezaje. Aliweza kwa miaka tisa, na katika muda huo timu yake ilitwaa ubingwa mara mbili. Mwaka 2011 aliondoka kwenda chuo kikuu cha Oregon State, akawa mtabibu mkuu wa timu yao ya mpira. Baada yake wanawake wengine wameingia katika timu nyingine.

Sisi wauguzi wanawake tunalielewa jambo hili. Tumewaogesha wanaume wodini, tumewafunga vidonda, tumewashika mikono wakilia kwa maumivu. Mgonjwa akiisha kuona kwamba unaijua kazi yako na unamheshimu, anasahau kuuliza habari za sketi. Kwa hiyo, mama, kama ni binti yako anayependa kazi hii, usimfungie mlango.

Hata hivyo tusidanganyane. Ina gharama zake. Msimu wa ligi ile una mechi 17 kwa kila timu, karibu nusu yake zikiwa ugenini, na kambi ya mazoezi huanza katikati ya joto la Julai. Mtabibu hukosa siku za kuzaliwa za watoto wake. Mara nyingi hukosa ibada ya Jumapili, maana ndiyo siku yao ya mechi. Mchezaji anaweza kupata mamilioni ya dola, lakini mtabibu analipwa mshahara wa mtumishi. Nafasi katika ligi kubwa ni chache, na wengi wa taaluma hii hufanya kazi katika shule na vyuo. Na timu ikishinda, hakuna anayelitaja jina lake. Ni utumishi wa kuosha miguu. Mke au mume wa mtu kama huyo anahitaji neema na subira, na ni vizuri kijana ayajue hayo kabla hajaanza.

JOTO LILILOMSHINDA MTU MWENYE NGUVU

Kazi hii pia imejifunza mengi kwa machozi. Mwaka 2001, tarehe 1 Agosti, mchezaji Korey Stringer wa timu ya Minnesota Vikings alifariki kwa kiharusi cha joto. Alikuwa na miaka 27. Siku moja kabla alikuwa mazoezini kwenye jua kali. Alipofikishwa hospitali joto la mwili wake lilikuwa limepita nyuzi 42. Aliacha mjane, Kelci, na mtoto mdogo wa kiume.

Kelci hakukaa na uchungu wake peke yake. Mwaka 2010 alishiriki kuanzisha taasisi yenye jina la marehemu mumewe katika chuo kikuu cha Connecticut, ili kufundisha namna ya kuzuia vifo vya ghafla michezoni. Fundisho lao kubwa ni hili: mtu aliyezidiwa na joto mazoezini, akachanganyikiwa au akaanguka, kwanza apoozwe haraka kwa maji baridi mwili mzima, ikiwezekana azamishwe kwenye beseni kubwa au pipa, huku kichwa kikishikwa nje ya maji, kisha ndipo asafirishwe. Dakika za kusubiri gari ndizo zinazoua. Tunawasihi ninyi mnaokaa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na kwingineko kwenye joto na unyevu, mlishike hilo.

KOSA LETU WENYEWE

Wapendwa, si haki kuwasifu watu wa mbali na kuficha ya kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, Jumatatu ya Pasaka, vijana wa usharika wetu walicheza mechi ya kirafiki na vijana wa usharika wa jirani. Sisi tulikuwa wauguzi wawili pale, lakini tulikuwa jikoni, tunapika pilau. Tukasikia kelele. Vijana wawili walikuwa wamegongana vichwa. Tulipofika, mmoja alikwisha kusimama. Wa pili alikuwa amemwagiwa maji usoni, watu wamemzunguka hata hewa haipiti, na mzee mmoja anamvuta mkono: "Simama, wewe ni mwanaume!" Kijana alisimama. Macho yake yalikuwa hayatulii. Tulimuuliza ni siku gani, akasema Ijumaa.

Tulijua. Tulifundishwa chuoni kwamba kichwa kilichogongwa hakirudishwi mchezoni. Lakini bao lilikuwa moja kwa moja, wanaume walikuwa wanapiga kelele, na sisi tulikuwa na aproni zenye masizi. Tukanyamaza. Kijana akarudi uwanjani.

Usiku ule alitapika mara nne, akawa hamtambui mdogo wake. Mama yake alikodi gari saa nane usiku kumpeleka hospitali. Alilazwa. Mungu ni mwenye rehema, alipona, lakini kwa miezi mingi kichwa kilimuuma kila akifungua daftari, na mtihani wa mwaka ule hakuufanya. Tulikwenda kumwomba radhi mama yule. Alitusamehe. Alituambia jambo moja tu, kwamba aliposikia wauguzi walikuwepo uwanjani alidhani mwanawe yuko salama. Maneno yale tunayo mpaka leo.

Wala si sisi tu. Septemba 2022 mchezaji mashuhuri wa timu ya Miami, Tua Tagovailoa, aligonga kichwa, akayumba mbele ya watu wote, na bado akarudishwa kucheza. Siku nne baadaye, katika uwanja uleule wa Cincinnati, aliangushwa tena, akatolewa kwa machela. Mwezi uliofuata ligi ile ilibadili kanuni zake: anayeyumba baada ya kugongwa kichwa harudi tena siku hiyo. Kama wenye vifaa na pesa zote hizo waliweza kukosea, basi na sisi tuwe macho zaidi.

TUNAYOWEZA KUYAFANYA

Hatuna mashine wala gari la wagonjwa kando ya kila uwanja. Lakini tuna mikono na akili. Tunawaomba mkate ukurasa huu, muubandike jikoni.

Mtoto akigonga kichwa, asirudi kucheza siku hiyo hata akisema amepona. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kupita kawaida, akiongea ovyo, akipata degedege, akitoka damu au maji puani au masikioni, au kichwa kikizidi kumuuma, mpelekeni hospitali bila kusubiri kuche. Akianguka akaumia shingo, msimvute wala kumkalisha. Mwacheni alale palepale, kichwa kisitikisike, mpaka mwenye ujuzi afike.

Akitegua kifundo cha mguu, tuache ile haraka ya kukanda kwa maji ya moto na kuchua. Siku mbili za kwanza moto na kuchua huongeza uvimbe. Tumieni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au maji baridi, kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Mfungeni bandeji isiyobana sana, mguu uinuliwe juu ya mto, na apumzike. Kama hawezi kuukanyagia kabisa, apigwe picha hospitalini.

Mtu akianguka ghafla, haitiki, wala hapumui vizuri, msimwagie maji na msimtie kijiko mdomoni. Mtu mmoja aite msaada na gari. Mwingine apige magoti kando yake, aweke kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, anyooshe mikono, akandamize kwa nguvu ili kifua kiingie sentimeta 5 hadi 6, kisha aachie kijirudie. Afanye hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Akichoka ampokee mwingine, kila baada ya dakika mbili, bila kusimama. Msiogope kumuumiza. Ubavu uliovunjika unaunga, lakini kila dakika inayopita bila kukandamizwa hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Msidhani kwamba haya ni ya Wamarekani tu. Fabrice Muamba, aliyezaliwa Kinshasa, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake ulisimama dakika 78. Walimkandamiza bila kukata tamaa, na daktari wa moyo aliyekuwa shabiki jukwaani aliteremka kusaidia. Hakucheza mpira tena, lakini yu hai, na ni baba wa watoto. Na hapa nyumbani, Desemba 2016, katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana wa timu ya vijana ya Mbao alianguka muda mfupi baada ya kufunga bao, akafariki. Hatumnyoshei mtu kidole. Tunasema tu kwamba kijana yule aliingia uwanjani akicheza kama wenzake.

TULIVYOMALIZA

Tulimtembelea mama yule nyumbani kwake, Jumamosi jioni, tukamkuta na baba. Hatukwenda kumfundisha mwanaume katika nyumba yake. Tulikunywa chai, tukasimulia habari za Cincinnati, kisha tukasimulia habari za Jumatatu ile ya Pasaka, na aibu yetu. Baba alisikiliza bila kusema. Mwisho akauliza, "Huyo aliyemkandamiza kifua, alikuwa daktari?" Tukamjibu, "Hapana, baba. Ni yule anayekimbia na mkoba."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwita kijana, akamuuliza shule hiyo iko wapi. Tuliwaeleza kwamba hapa kwetu mlango ulio karibu zaidi ni fiziotherapia, nayo hufundishwa kwa mfano KCMC kule Moshi, na ndugu zetu wa Kenya wanaisoma katika chuo cha KMTC. Na kwamba mtu akiisha kushika msingi huo anaweza kuendelea na elimu ya michezo, na asipopata timu bado hospitali zinamhitaji. Baba akasema atafikiri. Wiki iliyofuata mama alituambia kwamba wanasalimiana, na kwamba fomu zipo juu ya kabati. Hatujui kama atachaguliwa. Tunaomba.

Nasi katika usharika wetu tumeweka taratibu. Hakuna mechi ya vijana bila mtu mmoja aliyefundishwa, mkoba wa huduma ya kwanza, maji ya kutosha, na simu ya mwenye gari. Mtu huyo haendi jikoni. Na akisema mchezaji atoke, mchezaji anatoka, hata mchungaji akiwa ndiye refa. Akina mama wa umoja wetu 14 wamejifunza kukandamiza kifua, wakitumia mto uliojazwa pamba. Tulicheka sana siku ile, lakini kila mmoja alitoka jasho.

Msamaria Mwema hakuishia kumhurumia yule aliyeumizwa njiani. Alikuwa na mafuta, divai na vitambaa, akajua namna ya kuvitumia. Mama mwenzetu, kwenye mkoba wako kuna nini?

Katika kikundi chenu, zungumzeni haya: Je, viwanja wanapocheza watoto wetu vina mtu wa huduma ya kwanza? Ni nani kati yetu atakayejifunza, na zahanati gani iliyo karibu inaweza kutufundisha? Na je, tumewahi kukidharau kipaji cha mtoto kwa sababu hatukuijua kazi aliyoitaja?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya shinikizo la damu. Amani ya Bwana ikae nanyi na nyumba zenu.